Dawa ya kupukutisha matunda si dawa ya kuvunia

Msimu wa karafuu uliopita kuna klipu ilizunguka sana kwenye simu za watu huku Pemba. Trekta linapita katikati ya safu za miti mifupi iliyojaa maua ya rangi ya waridi, na nyuma yake linafuka wingu la dawa. Picha inakatika. Inayofuata inaonesha vitunda vya kijani vimetapakaa chini ya miti kama kunazi baada ya upepo. Chini yake pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba wenzetu hawapandi tena juu ya miti, wanapuliza dawa tu na matunda yanashuka yenyewe.

Mimi nilioneshwa na ami yangu, barazani kwake Mtambile, jioni ya kuchambua karafuu. Mikono ya kila mtu inanuka makonyo. Mwanawe mkubwa yumo ndani amelala, mguu umefungwa, tawi lilimvunjikia wiki ile ile.

"Sasa mwanangu," akaniambia, "sisi tunapandia nini huko juu watu wateguke viuno, ikiwa dawa ipo? Au hawataki tuijue?"

Swali la haki kabisa, na si yeye peke yake aliyeliuliza. Shida ni kwamba aliyeiandikia klipu maneno hakujua anachokiona. Dawa ile ipo kweli, na matunda yale yameanguka kweli kwa sababu yake. Lakini hayakuvunwa. Yametupwa. Hakuna atakayeyaokota, hayaliki, yataozea pale pale chini. Mkulima amelipia dawa ili apoteze matunda, na amefanya hivyo kwa akili timamu.

Kwanza tutenganishe maneno matatu ambayo kwenye mazungumzo ya barazani huchanganyika. Kupogoa ni kukata matawi. Kuvuna, au kuchuma, ni kutoa mtini kilichokomaa. Kupunguza matunda ni kitu cha tatu: kuangusha sehemu ya matunda yakiwa bado machanga, wiki chache tu baada ya maua, ili yale yatakayobaki yakue vizuri. Kazi hiyo ya tatu ikifanywa kwa mkono huitwa tu kupunguza. Ikifanywa kwa dawa, mimi nitaiita kupukutisha, maana ndicho kinachotokea.

Miti ya kwenye klipu ni mipichi. Pichi, ambalo kamusi zetu hulitaja pia kwa jina la fyulisi, ni tunda la ukubwa wa ngumi ya mtoto, ganda lake lina vinyoya laini, na ndani mna kokwa moja ngumu yenye mikunjo. Aliyewahi kushuka kutoka Lushoto kwa basi huenda ameliona likiuzwa barabarani. Asili yake ni China, na hadi leo China ndiyo inayolima mapichi mengi kuliko nchi yoyote. Marekani nako yako mengi, hasa majimbo ya California, South Carolina na Georgia.

Kwetu visiwani mpichi hauna maisha. Si kwa sababu ya udongo wala mvua, ni joto. Mti huu hulala wakati wa baridi, na hauamki sawasawa mpaka uhesabu saa za kutosha chini ya nyuzi 7 hivi. Aina nyingi hutaka saa kati ya 600 na 1,000 za baridi ya namna hiyo. Unguja na Pemba hata usiku wa kipupwe ni nadra kushuka chini ya nyuzi 20. Mpichi uliopandwa Wete ungekaa miaka ukisubiri asubuhi isiyofika.

Kwa hiyo dawa ya mipichi haituhusu moja kwa moja. Lakini jambo lililo nyuma yake tunaliishi kila siku.

Sinia moja, watu kumi na wawili

Ukipanda mahindi, unatia punje tatu au nne kwenye shimo moja, kisha zikiota unang'oa unabakisha mbili. Hakuna anayekuita mwendawazimu. Mwenye mipapai anajua kwamba mpapai uliobeba mapapai yaliyobanana kama abiria wa daladala utampa mapapai yaliyokunjika, yenye mabonde, na pengine yataoza pale yanapogusana. Anayafyatua baadhi mapema. Wakulima wa matikiti wazoefu huacha machache tu kwenye kila mche na kukata mengine, ingawa moyo unauma.

Sababu ni moja popote. Jani ndilo jiko la mti. Linachukua jua, maji na hewa, linapika sukari. Majani yakiwa kiasi fulani, sukari nayo ni kiasi fulani, na kila tunda linataka fungu lake. Fikiria sinia la pilau lililopangiwa watu wanne kwenye harusi. Wakikaa wanne, wanashiba. Wakikaa kumi na wawili, hakuna atakayelala na njaa hasa, lakini hakuna atakayesema amekula pilau. Mpichi ukibeba kila tunda lililoshika, utakupa mapichi mengi madogo, makavu, yasiyo utamu, na sokoni pichi dogo halina bei. Pichi kubwa moja huweza kulipa kuliko madogo matatu.

Na mpichi hauna staha katika kuzaa. Mti mzima uliokomaa hutoa maelfu ya maua, na hata asilimia 10 ya hayo ikishika tu, mavuno yametimia. Yaliyozidi ni mzigo. Mwaka wenye maua mazuri na hali ya hewa ya kupendeza, matawi huvunjika kwa uzito. Mbaya zaidi, mti uliochoka mwaka huu unaweza kuingia mwaka wa pili bila nguvu.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalioni, nalo ndilo linaloifanya kazi hii iwe ya haraka. Tunda halikui kwa namna moja tangu mwanzo hadi mwisho. Wiki za mwanzo huwa linaongeza idadi ya seli zake, zile chembe ndogo zinazojenga kila kilicho hai. Baadaye, idadi haiongezeki tena sana, kila seli inajaa maji na sukari na kupanuka. Ni kama nyumba: vyumba vingapi itakuwa navyo huamuliwa kwenye msingi. Ukishapiga paa unaweza kununua makochi makubwa utakavyo, vyumba havizidi. Kwa hiyo ukipunguza matunda mapema, yaliyobaki hujengewa vyumba vingi. Ukichelewa mpaka kokwa limeanza kuwa gumu, umeshatupa matunda na ukubwa ulioutafuta hukuupata wote.

Mkono na morita

Sasa tuje kwenye kibarua. Kwa desturi mipichi hupunguzwa kwa mkono. Mfanyakazi anashika tawi, anaanza upande wa ndani akielekea nchani, anafyatua vitunda hivi na hivi, anaacha kimoja, anaruka nafasi, anaacha kingine. Nafasi hiyo ni sentimita 15 hadi 20, yaani kama morita, kutoka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha shahada. Kitunda kinachoachwa kiwe kinene, kisiwe na kidonda, kisiwe kimebanwa na tawi. Kisha tawi linalofuata. Kisha mti unaofuata. Wengine hutumia fimbo iliyovishwa kipande cha mpira wa maji nchani, wakawa wanayapiga matunda kwa kukisia, haraka zaidi lakini bila kuchagua.

Hekta moja inaweza kula zaidi ya saa 100 za kazi ya mikono, na zote lazima ziishe ndani ya wiki chache. Shamba la hekta 50 linataka jeshi la vibarua kwa mwezi mmoja, halafu halina haja nao mpaka wakati wa kuchuma. Huko Marekani wengi wa vibarua hao hutoka Mexico, na kila mwaka wenye mashamba hulalamika kwamba hawapatikani wa kutosha, au wakipatikana ujira umepanda. Ujira kupanda si jambo baya kwa anayeupokea, na mimi simhurumii sana mwenye shamba anayelilia enzi za vibarua rahisi. Lakini ndiyo hesabu iliyowafanya wakulima waanze kutazama bomba la dawa.

Mti unaamuaje nani aanguke?

Kupukutisha hakukuanza na binadamu. Simama chini ya mwembe wakati wa vitunda vidogo. Utakuta chini kumetanda viembe kama maharage, na hakuna aliyevipiga kwa jiwe. Mwembe umejipunguzia wenyewe. Wazee husema mti umepukutisha, na neno ni sahihi hasa.

Namna unavyofanya ni hii. Pale kikonyo kinapoungana na tawi pana ukanda mwembamba wa seli zilizowekwa tayari kwa kuachana. Tunda changa lenye mbegu yenye afya hutengeneza homoni iitwayo oksini, nayo hushuka kwenye kikonyo bila kukatika. Homoni ni ujumbe tu, si chakula. Ujumbe huu unasema: nipo, nakua, usinikate. Maadamu unapita, ule ukanda umetulia. Tunda likidhoofika, likinyimwa sukari na wenzake walio wanono, ujumbe hupungua. Hapo ukanda unaanza kuisikia homoni nyingine, ethilini, ambayo kazi yake mojawapo ni kuambia seli za ukanda zifungue gundi inayozishikanisha. Upepo mdogo unamaliza.

Ethilini tunaifahamu kwa mlango mwingine. Ni gesi. Ndizi mbichi ukizivundika, ukazifunika na kuzipa moshi, zinaiva kwa sababu zimezungukwa na ethilini, ya moshi na ya kwao wenyewe. Bibi zetu walikuwa wanaitumia bila kujua jina lake. Aliyeitambua kwa mara ya kwanza kama gesi inayogeuza tabia za mimea alikuwa Dimitry Neljubow, mwanafunzi wa St. Petersburg, mwaka 1901, baada ya kuona miche ya njegere inaota kombo kwenye chumba chenye taa za gesi. Mwaka 1979 watafiti wa Marekani wakaonesha kwamba mmea huitengeneza ethilini kutokana na kitu kingine kinachoitwa kwa kifupi ACC. Jina hilo lishike, tutalirudia.

Kwa hiyo kwenye kila kikonyo pana mabishano: ujumbe wa "nipo" na ujumbe wa "ondoka". Sehemu kubwa ya dawa za kupukutisha zinachofanya ni kuongeza uzito upande mmoja wa mabishano hayo. Ndiyo maana yanaanguka kwanza yale manyonge. Wanono wanapaza sauti.

Dawa hizo ni za namna gani

Neno dawa linatuchanganya, maana kwetu dawa ya shamba ni ya kuua wadudu au magugu. Hizi hazifanani baina yao.

Zipo zinazounguza maua. Hizi hazina siri yoyote. Mkulima anasubiri sehemu ya maua iwe imeshapata chavua na kushika, kisha anapulizia kitu chenye ukali unaobabua yaliyobaki wazi. Hutumika mchanganyiko wa chokaa na salfa, jamaa wa ile salfa wanayoijua wakulima wa korosho wa Mtwara, au hata mbolea ya majimaji ya jamii ya amonia na salfa ambayo kwa kiwango kikubwa huchoma ua. Hatari yake ni ya kalenda. Nchi za baridi, baada ya maua huweza kushuka usiku mmoja wa barafu ukaua nusu ya vitunda. Mkulima aliyekwisha kuunguza nusu ya maua yake halafu barafu ikaja kuchukua nusu nyingine atakaa mwaka mzima anatazama majani. Ni sawa na mtu apunguze maua ya mwembe wake leo, kesho kusi uvume siku tatu.

Zipo zinazosema na mti kwa lugha yake, yaani homoni au vitu vinavyoiga homoni. Ethefoni ni mojawapo. Ni kimiminika ambacho kikiingia ndani ya jani huvunjika na kutoa ethilini. Ipo pia ACC yenyewe, ambayo mmea ukishapewa unaigeuza kuwa ethilini kwa mkono wake.

Zipo zinazotia njaa. Moja hutumika kwenye matufaha: inadhoofisha kazi ya jani ya kupika sukari kwa siku chache, mti unahisi chakula kimepungua, unaacha vitunda vyake dhaifu. Kisha dawa inaisha nguvu na jiko linawaka tena. Nikiri kwamba hii ndiyo inayonishangaza kuliko zote. Unaunyima mti chakula ili ukupe tunda lililoshiba.

Na ipo njia ya kuuwahi mti mwaka kabla. Maua ya mpichi ya mwaka ujao huanza kuumbwa kwenye vichomozo majira ya joto ya mwaka huu. Ukipulizia homoni iitwayo jiberelini wakati huo, vichomozo vingi vinageuka kuwa vya majani badala ya maua. Mwaka unaofuata mti unachanua kwa kiasi. Ami alipolisikia hili alicheka mpaka akakohoa, akasema kumbe hata miti ya Wazungu ina uzazi wa mpango.

Kando ya dawa kuna na mashine, mhimili wenye nyuzi za plastiki unaozunguka ukiburutwa na trekta na kuyapiga maua. Ilibuniwa Ujerumani. Haichagui, lakini haina kemikali, na wanaolima bila dawa wanaipenda.

Kwa nini mipichi imekuwa migumu

Matufaha yamekuwa yakipukutishwa kwa dawa tangu miaka ya 1940. Ninasema tufaha, lile la dukani, si tofaa letu. Lakini mpichi umekataa kwa miongo mingi, na wakulima wake wameendelea na mikono wakati jirani zao wa matufaha wanapuliza dawa na kwenda nyumbani.

Sehemu ya sababu ni jinsi maua yalivyopangwa. Maua ya mtufaha hutoka kwa vishada, matano au sita pamoja, na lile la katikati hutangulia kuchanua na kutoa tunda bora. Dawa inaweza kuja wakati lile kubwa limeshashika na wadogo zake bado wanyonge. Pana ngazi ya wakubwa na wadogo, na dawa inaipandia ngazi hiyo. Mpichi hauna. Maua yake yametapakaa moja moja kando ya kijiti, karibu yote yana nguvu sawa. Tena mtufaha kwa kawaida unahitaji chavua ya mtufaha wa aina nyingine, na maua mengi hukosa. Mpichi kwa aina nyingi hujitosheleza, ua linajitungisha lenyewe, kwa hiyo kila moja linashika. Ni kama familia yenye mapacha ishirini, huwezi kumwambia mkubwa atangulie.

Miaka ya karibuni Marekani imeruhusu ACC itumike kwenye matufaha na mapichi, na ndiyo iliyoamsha habari hizi upya. Mvuto wake unaeleweka: ni kitu ambacho mmea wenyewe hukitengeneza. Lakini mti ukipewa kwa wingi, majani nayo huweza kugeuka manjano na kuanguka, maana ethilini haina kazi moja. Na matokeo hayafanani. Siku ya joto dawa za homoni hukimbia, siku ya baridi hulala. Kipimo kile kile kilichoangusha robo ya matunda mwaka jana kinaweza kuangusha theluthi mbili mwaka huu, au kisifanye kitu. Daktari wa miti hana kipimo cha homa.

Kwa sababu hiyo hata penye dawa, mkono haujaondoka. Mkulima mwenye busara hupuliza kiasi cha kupunguza sehemu tu ya ziada, kisha vibarua wanapita kumalizia. Saa zinapungua, watu hawaishi. Anayesema dawa imewafuta kazi wote hajawahi kusimama kwenye shamba la mapichi wiki ya sita baada ya maua.

Yanayosemwa barazani

Nilipoieleza habari hii jioni ile, mengi yaliibuka, na mengine nimeyasikia tena kwingine.

La kwanza, kwamba ndiyo maana matunda ya Ulaya ni makubwa, yametiwa dawa. Hapana, au tuseme, si kwa njia mnayofikiri. Dawa haimo ndani ya tunda ikilipuliza kama puto. Dawa imewaondoa waliokuwa wanakula naye sinia moja. Mpichi uliopunguzwa kwa mkono bila tone la dawa utatoa mapichi makubwa vile vile.

La pili, kwamba tunda lile limejaa sumu. Hapa sitaki kujibu kwa mkato, maana upande mmoja wa shaka hii ni wa kweli. Dawa hizi hupulizwa wakati wa maua au mara baada yake, na pichi huvunwa miezi kadhaa baadaye, kwa hiyo muda wa kuyeyuka ni mrefu. Lakini mojawapo ya dawa zilizotegemewa sana kwenye matufaha tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 ni kabarili, ambayo kwa asili ni dawa ya wadudu. Iligundulika kwa bahati tu kwamba inapukutisha. Nayo huua nyuki, wale wale waliokuja kutungisha maua. Umoja wa Ulaya uliiondoa sokoni mwaka 2007. Anayeuliza kuhusu sumu basi aulize mti umepulizwa nini, siyo kama umepulizwa. ACC na kabarili zikiitwa kwa jina moja la "dawa ya kupukutisha", tumechanganya maziwa na chokaa kwa kuwa vyote vyeupe.

La tatu ni lile la ami, mikarafuu.

Kweli, ethilini hutumika pia kusaidia kuvuna baadhi ya mazao. Cheri chachu za kusindika, kwa mfano, hupulizwa ethefoni zilegee vikonyo, kisha mashine inautikisa mti. Mananasi hupewa ili yachanue kwa pamoja. Kwenye miti ya mpira huongeza utomvu. Kwa hiyo wazo si la kichaa, na mtu asicheke.

Lakini tazama mkarafuu wenyewe. Tunachokichuma si tunda, ni ua lililofumbwa, na lazima litoke kabla halijafumbuka. Likifumbuka bei imeshuka, likiendelea mpaka kuwa mpeta, yaani tunda lililokomaa, ndiyo basi. Vishada haviwivi siku moja. Mti mmoja huo huo una vishada vyekundu upande wa jua na vya kijani kibichi upande wa kivuli, ndiyo maana mchumaji huurudia mara ya pili na ya tatu katika msimu mmoja. Mchumaji ana macho. Ethilini haina. Ukipuliza, haitakwenda kuuliza kishada kipi kimekomaa. Itawasikiza zaidi walio wanyonge, na walio wanyonge ndio wachanga, wale ambao ungewataka wiki mbili baadaye. Na mkarafuu hauanguki majani kwa msimu kama mpichi, una majani mwaka mzima. Yakipukutika kwa sababu ya dawa, umelifunga jiko la mwakani.

Pana na jambo dogo la chini ya mti. Karafuu hazitui kwenye jamvi, zinatua kwenye majani makavu, udongo na mavi ya kuku. Mchumaji analipwa kwa pishi. Nani atalipwa kuokota punje moja moja, na kwa bei gani? Ungeokoa kupanda ukanunua kuinama.

Mpichi, tena, hupogolewa uwe mfupi, mtu mwenye ngazi ndogo anaufikia. Mikarafuu yetu mingi imekwenda juu mita 10 na zaidi. Ikiwa tatizo letu ni watu kuvunjika, na ndilo, jibu linaelekea zaidi kwenye ufupi wa mti, ngazi madhubuti, kamba ya kiunoni na upembo mzuri kuliko kwenye chupa. Nilimwambia ami hivyo. Hakufurahi. Alitaka chupa.

Ila alishika jambo moja ambalo mimi sikulitarajia. Nyuma ya nyumba ana michenza miwili. Mwaka mmoja inazaa mpaka matawi yanalala, chenza ndogo zenye kokwa tupu, mwaka unaofuata haina kitu. Akaniuliza kama na hilo ni mambo ya sinia. Ni hayo hayo. Chenza zinajulikana dunia nzima kwa tabia hiyo ya mwaka wa shibe na mwaka wa njaa. Zikizidi, zinakula akiba ya mti na kuzuia maua ya mwaka wa pili. Wajapani, wenye chenza zao zisizo kokwa, hupunguza vitunda kwa mkono au kwa dawa ili kusawazisha miaka.

Dawa hatuna, na wala sikumshauri aitafute. Mtu anayeleta chupa isiyo na maandishi na kusema ni homoni ya miti, mwulize kwanza bwana shamba wako. Lakini vidole anavyo. Asubuhi ya pili, kabla ya jua kupanda, nilimkuta chini ya mchenza wa kulia na kikapu, anafyatua vitunda vilivyokuwa bado kama gololi, anaacha kimoja kwa kila morita, huku ananung'unika peke yake kama mtu anayetoa zaka kwa asiyempenda. Wa kushoto aliuacha kama ulivyo, kwa makusudi. Amesema atanipigia simu kipupwe, zikiiva, niende na mizani.